Gundi na Kitabu cha Kupimia

Katiba ya nchi hii niliishona mimi. Usicheke. Niliishona kwa sindano na uzi uliopakwa nta, kwa vidole hivi hivi, na aliyeivalisha ngozi ni mtu tuliyemwita Gundi. Leo nataka kumweleza yeye. Waliojipigia makofi kwa ajili ya kitabu kile ni wengi, wengine wamevishwa hata nishani, na katika wote hao hakuna hata mmoja anayejua brashi ya gundi hushikwa upande gani.

Tulifanya kazi meza moja kwa miaka ishirini na sita, katika kiwanda cha uchapaji cha serikali, chumba cha nyuma chenye dirisha moja linalotazama choo. Mimi nakusanya kurasa na kuzishona, yeye anazibana kwenye jiliwa, anaupaka mgongo wa kitabu gundi, kisha anavalisha jalada. Gundi ilimkaukia kwenye kucha mpaka ikawa ndiyo jina lake, na jina hilo alilipokea bila kinyongo kama alivyopokea kila kitu. Alikuwa mtu wa adabu ya kuudhi. Akikukanyaga anakuomba radhi. Ukimkanyaga wewe, anakuomba radhi vilevile. Aliniita dada, kwa hiyo mkewe akaniita wifi, na undugu huo wa kuokota tukautunza kuliko wengine wanavyoutunza wa damu.

Wifi yangu huyo haoni. Macho yalianza kumfifia alipokuwa na miaka thelathini na kitu, yakazimika kabisa kabla ya arobaini. Lakini ungemwona ndani ya nyumba yao namba kumi na mbili, katika safu ya nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda, usingeamini. Hatua saba kutoka kitandani hadi jikoni, nne hadi mlangoni, kumi na tisa kufuata ukuta hadi bombani. Anapika, anafua, anakata vitunguu kwa kisu kikali huku anakumwagia umbea wa mtaa mzima, wala hajikati. Siku moja nilikuwa namfagilia, nikakisogeza kigoda chake nusu hatua. Alinigombeza wiki nzima. "Wifi, unataka kuniua? Humu ndani ndiyo macho yangu." Nje ya hapo alikuwa mtu wa kushikwa mkono. Lishike hilo, kwa sababu habari yote hii ni habari ya nyumba hiyo.

Sasa Katiba. Tumejalidi tatu, mimi na Gundi. Ya kwanza ilikuwa ya mzee mmoja aliyetawala mpaka akaanza kusinzia mbele ya wageni, na kila aliposinzia walikuja wapambe wake kuongeza ibara. Ya pili ilikuwa ya wanajeshi. Hao walimpindua mzee siku ya Jumanne, Jumatano wakaifuta Katiba yake redioni, na kabla ya mwezi kwisha wako mlangoni petu na mabuti yao: wanataka Katiba. Nikamnong'oneza Gundi, hawa wana vifaru, wana redio, wana jela. Kitabu cha nini tena? Akanijibu, "Dada, mtu hawezi kutawala hivi hivi tu."

Aka! Nilimwona mjinga, kumbe mjinga mimi. Mwenye bunduki peke yake watu humwita jambazi. Mpe jambazi huyo huyo kitabu chenye herufi za dhahabu, mabalozi watampa mkono, na wewe mwenyewe utapanga foleni kwenye jua kumpigia kura. Hiyo ndiyo kazi ya kitabu. Wasomi wanaiita uhalali.

Ya tatu ndiyo iliyotutoa roho. Wanajeshi walivua magwanda wakavaa suti, wakatangaza kwamba safari hii Katiba itaandikwa na wananchi wenyewe. Yakaja mahema, vipaza sauti, fulana, kofia, na tume nzima ya watu kwenye viti vya plastiki wakiandika maoni. Mimi nilienda, nikachukua fulana, nikarudi zangu. Gundi alikaa foleni tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri, na alipofika mbele akasema sentensi moja aliyoifanyia mazoezi siku tatu mbele ya mkewe: mtu asitolewe nyumbani kwake mpaka mahakama imsikilize. Basi. Akashukuru, akawaomba radhi kwa kuwachosha, akaondoka.

Miezi ikapita, rasimu ikaletwa kiwandani, na sentensi hiyo ilikuwamo. Ibara ya thelathini na saba: "Mtu yeyote hataondolewa nyumbani kwake kabla mahakama haijamsikiliza." Gundi alikaa chini sakafuni, rasimu mapajani. "Dada, haya ni maneno yangu." Nikamwambia acha kujitia ukubwa, watu elfu nzima wamesema hayo hayo. "Basi ni maneno yetu," akasema, na tangu hapo akawa hashikiki. Nyumbani mkewe alimtania kutwa. "Mwandishi wa Katiba, hebu niletee maji." Naye analeta maji, anachekelea.

Hapa inabidi nikueleze jambo la kazi yetu. Kabla ya kuchapa kitabu kinene, sisi mafundi hutengeneza kwanza kitabu cha kupimia. Unachukua karatasi tupu za aina ile ile, idadi ile ile, unazishona na kuzipaka gundi, ili ujue mgongo utakuwa mnene kiasi gani na ngozi ikatwe vipi. Ni kitabu kamili, ila hakina hata nukta. Ukishapima unakitupa, au unakipeleka nyumbani kiwe daftari.

Siku mbili kabla ya sherehe ya kuizindua Katiba, tume ilikuwa bado inatoana macho juu ya ibara moja tu, ile ya Rais akae miaka mingapi. Hakuna hata ukurasa mmoja uliochapwa. Uwanja umeshapambwa, wageni wa nje wako angani wanakuja. Akaingia Katibu, bwana mmoja wa ofisi kuu, marashi yake yakifika dakika moja kabla yake.

"Nataka kitabu kesho saa sita mchana."

"Kurasa hazijachapwa, mheshimiwa," Gundi akasema.

Katibu akatupa jicho mezani, akakiona kitabu cha kupimia. "Na hicho?"

"Hicho ni kitupu."

"Kivalishe ngozi. Watu watakiona kwa mbali. Kurasa mtatia baadaye."

Gundi akataka kusema neno, adabu ikamzuia. Akakivalisha. Ngozi nyekundu laini, nembo ya taifa katikati, kingo za karatasi zimepakwa dhahabu. Katika miaka yote ile sijamwona akijalidi kitabu kwa mapenzi namna ile. Alikuwa akipuliza vumbi ambalo halikuwepo.

Uwanjani Rais alitakiwa akiinue tu, wapige picha, kirudi. Lakini alinogewa na makofi. Akaomba kalamu, akafungua ukurasa wa mwisho, akatia sahihi mbele ya kamera zote. Uwanja ukalipuka. Wazee wanalia, wasiojuana wanakumbatiana, mabalozi wamesimama wanapiga makofi. Watu elfu hamsini wanalilia karatasi tupu! Mbavu zilikuwa zinaniuma kwa kicheko nilichokibana. Nikamgeukia Gundi tucheke wote, nikamkuta naye analia.

"Wewe? Wewe si ndiye unayejua?"

"Kurasa zitakuja, dada," akasema akijifuta. "Jalada limetangulia tu."

Thubutu. Kitabu chenye sahihi ya Rais nani atakifumua? Kikaingizwa kwenye kabati la kioo, kikawekewa askari, kikapewa na jina: Nakala Halisi. Wiki tatu baadaye tukachapa zile za kuuza madukani, zenye maneno. Gundi akapeleka moja nyumbani, na kila wakimaliza kula akawa anamsomea mkewe ibara mbili tatu, kwa sauti ya mtu anayesoma barua kutoka kwa mwanawe.

Mwaka wa nne serikali ikaamua kuienzi Katiba hiyo kwa kuijengea bustani. Bustani ya Katiba, yenye chemchemi, viti vya saruji na mnara wenye umbo la kitabu kilichofunguliwa. Na pa kuijenga wakapaona wapi? Nyuma ya kiwanda cha uchapaji, eti ndipo Katiba ilipozaliwa. Wakapita watu na rangi nyekundu wakachora X milangoni, kuanzia namba moja hadi kumi na nane. Ndani ya siku kumi na nne muwe mmeondoka. Mahakama haikusikiliza mtu, wala barua hatukuiona. Mimi nilikuwa nakaa namba ishirini na moja. Mimi walinipita.

Wifi aliposikia hakulia. Aliuliza tu watahamia wapi, na huko kuta zikoje. Gundi akavaa shati lake la kutokea, akachukua nakala yake, akaenda kwa Katibu yule yule. Nilimsindikiza. Akaifungua Ibara ya thelathini na saba juu ya meza, akaisoma kwa adabu zake zote. Katibu hata hakuitazama.

"Mzee, hiyo ni nakala ya dukani. Inaweza kuwa na makosa ya chapa. Kinachotambulika kisheria ni Nakala Halisi peke yake."

Anamwambia hayo mtu ambaye yeye mwenyewe alimwamuru akijalidi kikiwa kitupu! Na macho makavu! Damu ilinichemka, nikatamani kumwagia wino shati lile jeupe. Gundi akafunga kitabu, akaaga, akaomba radhi kwa usumbufu.

Barabarani alitembea, mara akasimama katikati ya watu. "Dada, wamejifunga wenyewe." Akanieleza. Ataenda mahakamani. Jaji ataagiza Nakala Halisi iletwe, ataifungua, ataona haina kitu. Mahakama haiwezi kuhukumu kwa karatasi tupu, kwa hiyo itabidi ikubali nakala ya dukani, kwa kuwa ndiyo pekee yenye maneno. Na maneno yanasema mtu hatolewi.

Niliangua kicheko mpaka wapita njia wakageuka. "Na wakikutia ndani kwa kuidhalilisha Katiba?"

"Mimi siidhalilishi. Mimi ndiye naitetea." Kisha akaniuliza kama nitakuja kusema nilichokishona, kwa sababu peke yake hawatamwamini.

"Kwani nimekatwa ulimi?" nikamjibu. "Nitakuja, na nitawapa vidonge vyao." Nilisema hivyo kifua mbele kabisa.

Kweli jaji akaiagiza Nakala Halisi. Siku moja kabla ya kesi, Gundi akiwa stoo kuchukua ngozi, Katibu akaingia chumbani kwetu. Akavuta kiti, akakaa karibu nami kama mkwe aliyekuja kusalimia.

"Mama, umebakiza muda gani kustaafu?"

"Miezi minane."

"Hongera sana. Na nyumba yako ni ishirini na moja, sivyo?"

"Ndiyo."

"Bustani imeishia kumi na nane." Akaichukua sindano yangu mezani, akalitazama tundu lake kwenye mwanga. "Lakini ramani bado ni ya penseli, mama." Akairudisha sindano polepole, akanitakia kazi njema. Gundi aliporudi na ngozi zake sikumwambia kitu. Nilimwambia tu kwamba uzi umekaribia kwisha.

Mahakama ilijaa watu wa safu yetu. Wifi aliketishwa mbele, kaongozwa mkono na jirani, nywele zake kazisuka upya. Askari wawili wakaingia na glavu nyeupe, wamekibeba kile kitabu juu ya mto wa mahameli, na chumba kizima kikasimama. Na mimi nikasimama! Nilisimama kwa heshima ya kitabu cha kupimia.

Jaji alikuwa mtu mzima wa miwani mizito. Akafungua. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, akarudi nyuma, akaenda mbele. Akamtazama Katibu, na Katibu alikuwa anajikagua kucha. Nadhani hapo ndipo jaji alipowaza yote: joho lake, kiti chake, watu wote aliowafunga miaka minne kwa jina la kitabu hicho. Akakohoa, akaweka kidole juu ya karatasi, na Mungu ni shahidi yangu, akasoma.

"Ibara ya thelathini na saba. Mtu yeyote hataondolewa nyumbani kwake kabla mahakama haijamsikiliza, isipokuwa pale manufaa ya umma yatakapohitaji hivyo."

Na kidole kinasogea kabisa, kushoto kwenda kulia, mstari wa kwanza, mstari wa pili, juu ya karatasi nyeupe pe! Mtu mzima na shahada zake!

Gundi akasimama. "Naomba radhi, Mheshimiwa. Hayo umeyasoma wapi?" Akakinyooshea kidole kile kitabu. "Hicho kitabu nimekijalidi mimi. Hakina maandishi. Ni cha kupimia."

Watu wakavuma. Nikadhani wanamuunga mkono. Wapi! Majirani, watu wenye X milangoni, wanamzomea yeye. "Kaa chini, Gundi!" "Unaitukana Katiba yetu?" Mama wa namba tano, ambaye magodoro yake yalikuwa yameshatolewa nje, alipaza sauti kwamba yeye alikuwepo uwanjani, aliiona kwa macho yake mawili, na mtu asije hapa kumwambia alilia bure. Niliwadharau siku ile mpaka nikasikia uchungu mdomoni. Wako radhi walale barabarani, mradi machozi yao yabaki na maana.

Mwanasheria wa serikali akaruka kusema mzee huyu ashitakiwe. Gundi akaomba kitabu kionyeshwe watu, waone wenyewe. Jaji akakifunga haraka.

"Nakala Halisi haipitishwi mikononi kama gazeti. Una shahidi?"

"Ninaye, Mheshimiwa." Akageuka, akanitafuta kwa macho, akatabasamu. "Dada yangu yule pale. Kurasa alizishona yeye. Miaka ishirini na sita hajaniambia uongo."

Nikaenda mbele. Jaji akaniuliza taratibu, karibu kwa kunibembeleza. "Mama, kitabu hiki ulikishona wewe?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Kurasa ulizozishona zilikuwa na maandishi?"

Nikamwona Wifi. Uso kauinua, sikio kalielekeza kwangu, mikono kaikunja mapajani, anangoja nijibu ili arudi nyumbani kwake akapike. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Nikamwona Katibu naye. Hakunikazia macho, alikuwa anatazama saa.

"Zilikuwa na maandishi, Mheshimiwa," nikasema. "Zote."

Usiniulize kwa nini, nimeshakueleza kwa nini. Miezi minane na nyumba namba ishirini na moja. Niliwacheka watu elfu hamsini kwa kuona maneno pasipo na maneno, na wao angalau hawakujua. Jaji alishusha pumzi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana. Akasema mzee amechoka, hatashitakiwa, apewe onyo tu, na shauri limetupwa. Gundi hakunipigia kelele. Alimwendea mkewe, akamshika mkono, wakatoka.

Tingatinga lilikuja Ijumaa, saa tatu asubuhi. Namba kumi na mbili ilichukua muda mfupi kuliko kupika chai. Gundi hakurudi kazini hata kuchukua brashi zake. Nilisikia kwa watu kwamba wamepata chumba mtaa wa mbali, ghorofa ya tatu, choo mwisho wa korido, na kwamba wiki ya kwanza tu Wifi aliteleza ngazini akavunjika mkono. Tangu hapo hanyanyuki kitandani mpaka mumewe amshike. Bustani ilipofunguliwa mimi nilialikwa. Nilipewa kiti safu ya pili, na soda.

Nilistaafu salama, na ilinichukua miezi mitatu mingine kujikaza. Asubuhi moja ya Jumamosi nikanunua machungwa, nikauliza uliza njia, nikazipanda zile ngazi. Nikabisha hodi. Gundi akafungua, kitambaa cha jikoni begani, amekonda.

"Nani?" Wifi akauliza kutoka ndani. Nilimwona nyuma ya bega la mumewe, amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono uliopona vibaya juu ya paja. Alikuwa ameugeuzia ukuta uso wake, kwa sababu bado hakuwa amejua mlango uko upande gani.

Nikafungua mdomo. Gundi akanitazama usoni, kwa kitambo kirefu, bila hasira yoyote.

"Hakuna mtu, mke wangu," akasema.

"Si nimesikia mtu anabisha?"

"Hakuna mtu."

Akafunga mlango polepole. Nikayaweka machungwa pale chini, nikashuka.